Mlingoti wa Tatu

Mlandizi, upande wa Kibaha
9 Oktoba 1938

Mdogo wangu Mwanamkuu,

Salamu nyingi zikufikie huko Kisarawe pamoja na wote waliomo nyumbani mwako. Sisi huku wazima. Wifi yako Biubwa kifua kimemwachia, sasa anatwanga mwenyewe. Mwanao Abdala anakuamkia. Tangu aoe amekuwa mtu wa kurudi nyumbani mapema, na Sikudhani anampikia mpaka ananenepa. Baba yake Sikudhani, mkwe wetu Mashaka, naye anakusalimu kutoka ng'ambo ya mfereji.

Ulipokuja harusini uliona mwenyewe tulivyokaa. Shamba letu la mkonge ni la Bwana Luzi, Mdachi, na mimi ndiye nyapara wake. La ng'ambo ni la Bwana Petoni, Mwingereza, na nyapara wake ni Mashaka. Pampu ya kuvuta maji ya Ruvu ni moja, na reli ya toroli ya kupeleka mkonge stesheni ni moja. Kila Jumapili mabwana hawa walicheza karata, na wakishalewa walionyeshana kwa vidole mahali walipopigana risasi vita ile, kule darajani, wakicheka. Mke wa Luzi aliposhikwa na uchungu, ni Petoni aliyemkimbiza Dar es Salaam kwa gari lake.

Sasa hawachezi tena. Mwezi uliopita Bwana Luzi alirudi kutoka mkutano wa Wadachi wenzake akiwa na bendera mpya, nyekundu, ina duara jeupe na alama nyeusi katikati. Akatuamuru tukate mti tumsimamishie mlingoti. Tukaukata. Wiki iliyofuata Bwana Petoni akawaamuru watu wa Mashaka wakate mti mrefu zaidi, akapandisha bendera yake. Luzi akatoka barazani, akautazama mlingoti ule kwa darubini, kisha akaingia ndani na chakula hakukigusa.

Nakuandikia kwa sababu utayasikia sokoni yakiwa yametiwa chumvi. Usipate wasiwasi. Ni watu wazima wawili wanaopimana miti.

Nduguyo,
Mwinyimadi


Kisarawe
2 Novemba 1938

Kaka Mwinyimadi, shikamoo.

Wifi Biubwa mpe pole na kifua, mwambie asikae penye moshi. Huku mihogo imeshika vizuri, isipokuwa nguruwe wameingia shamba la jirani yangu Mwanamvua na hawakumwachia kitu, kwa hiyo tunalima pamoja langu. Mkwe Mashaka na Sikudhani wasalimie sana.

Hayo uliyoyasema nimeyasikia, na zaidi. Karani mmoja wa bomani anasema Mdachi anataka arudishiwe nchi hii, kwa kuwa alinyang'anywa vitani, na Mwingereza amekataa. Mzee mmoja akauliza kama na sisi tutaulizwa. Watu wakacheka, kisha wakatawanyika.

Wewe unasema wanapimana miti. Mimi sicheki, kaka. Vita ile Mdachi alikuchukua wewe umbebee mizigo. Mwingereza alipoingia akamchukua mume wangu Husseini ambebee yake. Mlikuwa mashemeji mnaokula sinia moja, mkafanywa maadui na hakuna aliyewauliza. Wewe ulirudi. Husseini alishikwa njiani, hakujua hata kwamba nina mimba ya Abdala, na mpaka leo hakuna aliyeniambia alikoangukia.

Nakuomba jambo moja tu. Mwanangu asishike kamba ya bendera ya mtu yeyote. Akate mkonge, abebe mkonge, basi.

Mdogo wako,
Mwanamkuu


Mlandizi
20 Januari 1939

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia jana tu, imepita mikononi mwa watu wengi. Sababu nitakueleza. Sisi hatujambo, Abdala hajambo, Sikudhani hajambo. Mbuzi wetu amezaa mapacha.

Bwana Petoni ameifunga reli ya toroli, maana nusu yake imepita katika ardhi yake. Siku ya pili Bwana Luzi akaifunga pampu, maana imesimama katika ardhi yake. Sasa mkonge wetu unakwenda stesheni vichwani mwa watu, na barua zinangoja. Wanawake wa kambi ya Petoni wameambiwa wachote mtoni, penye mamba. Ufunguo wa pampu ninao mimi. Sijamwambia mtu kitu, lakini kila asubuhi Bwana Luzi akiwa mezani naifungua, nao wanakuja na ndoo zao, na Abdala ndiye anayewasogezea. Akinifukuza, na anifukuze.

Juzi nilimwuliza Bwana Luzi. Nilimkuta peke yake, nikamwambia, "Bwana, mlikuwa marafiki."

Akasema, "Mwinyimadi, wewe ulitubebea mizigo, unajua. Walituchukulia kila kitu. Taifa lililonyang'anywa makoloni ni kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni."

"Bwana Petoni amekuvua nini?"

"Si yeye. Ni taifa lake."

"Lakini maji umemnyima yeye."

Akasema mkonge unaningoja. Na Petoni alimwambia Mashaka hivi: "Leo nikimwachia bendera, kesho atataka reli, keshokutwa shamba." Petoni amenunua bunduki kwa sababu Luzi anayo. Luzi amenunua ya pili kwa sababu Petoni amenunua. Mwulize yeyote kati yao, atakuambia anajilinda.

Sasa Luzi anataka mlingoti wa tatu utakaoupita wa Petoni. Ameuona mvule msituni, mrefu, mnene, na mimi nimemwambia kwamba kwa masika inayokuja udongo hautaushika. Hasikii. Abdala atabaki kwenye mashine ya kuchakata mkonge. Nimekuahidi.

Mwinyimadi


Mlandizi
2 Aprili 1939

Mdogo wangu,

Salamu sana. Mvua ni kubwa. Biubwa anakusalimu, Sikudhani anakusalimu, Mashaka na watu wake wanakusalimu, mbuzi na mapacha wake wazima.

Kazi ya mlingoti imesimama kwa ajili ya mvua. Sina mengi. Ukipata mafuta mazuri ya kuchulia mpe mtu anayekuja huku, mgongo unamsumbua Biubwa.

Nduguyo


Kisarawe
11 Aprili 1939

Kaka, shikamoo.

Salamu za Biubwa nimezipata, za Sikudhani na za Mashaka nimezipata, hata za mbuzi. Za Abdala sijazipata. Na wifi yangu anaumwa kifua, mgongo hajapata kuumwa.

Mafuta nayaleta mwenyewe. Keshokutwa napanda treni Pugu. Usinijibu, maana barua yako itanipita njiani.

Mwanamkuu


Kisarawe
18 Juni 1939

Kaka Mwinyimadi, shikamoo.

Tumerudi kutoka hospitali ya Dar es Salaam. Mguu wa kushoto wa Abdala umekatwa juu ya goti. Homa imemwacha, anakula, usiku analala. Sikudhani yuko nami na hajalia mbele yake hata mara moja. Mwanamvua ametulimia palizi yote, akakataa hata kikombe cha uji. Huku ndivyo tulivyo.

Abdala amenieleza mwenyewe. Kamba ilikatika, mlingoti ukaanza kulala upande wa pampu, wanawake wa ng'ambo wakiwa wameinama na ndoo zao, naye akatoka mashineni mbio, hakuna aliyemwita. Wote wakawahi kuondoka isipokuwa yeye. Kwa hiyo ahadi hukuvunja, kaka. Ulinificha tu, na hilo tutalizungumza tukishazeeka.

Kuna jambo hukuliona. Asubuhi mlipombeba kwa machela kwenda stesheni, mimi nilibaki nyuma kidogo. Nilikwenda barazani kwa Bwana Luzi. Alisimama akavua kofia. Akasema anasikitika sana, na kwamba kijana wangu ameumia katika kazi ya heshima. Nikamwuliza, "Heshima ya nani?" Akasema, ya taifa. Nikamwambia mwanangu si wa taifa hilo, na mti ule ungesimama au usingesimama, Udachi ungebaki ulipo.

Nikavuka mfereji kwa Bwana Petoni. Alinikaribisha kiti. Akasema, "Mama, umeona walivyo Wadachi. Mlingoti ni wa Luzi."

Nikamwambia, "Ni wake. Aliutaka kwa sababu wa kwanza ulionekana mfupi. Nani aliufanya uonekane mfupi?"

Akawa mwekundu. Akaanza kusema kwamba mtu akichokozwa... nikamkatiza, nikamwambia treni haitaningoja, nikaondoka. Nakuandikia haya ili uyasikie kwangu. Kama wamekuchukia kwa ajili yangu, niambie.

Mwanamkuu


Mlandizi
24 Septemba 1939

Mdogo wangu Mwanamkuu,

Nashukuru kusikia Abdala ameanza kutembea kwa magongo. Biubwa kifua kimemrudia, safari hii vibaya, lakini anasema nisikuambie. Sitaki kuficha tena.

Vita imekuja. Tuliambiwa Mdachi ameingia nchi inayoitwa Polandi, na Mwingereza na Mfaransa walikuwa wameapa kuilinda. Hapa hakuna mtu aliyepata kumwona Mpolandi. Siku ile ile askari walikuja na lori kumchukua Bwana Luzi. Alitoka na sanduku moja. Petoni alikuwa amesimama kando ya lori na bunduki yake, amevaa nguo za kiaskari. Yule mtoto wa Luzi, aliyezaliwa safari ile ya gari, akampungia mkono kama alivyozoea. Petoni aliinua mkono nusu, akaushusha. Mama na mtoto wakaondolewa siku ya pili.

Shamba letu sasa liko chini ya Petoni. Ametukusanya watu wa kambi zote mbili, akasema vita hii ni yetu sote, tuubebe ule mvule uliolala tangu masika, tuupandishe kilimani kwake, uwekwe bendera ya Mfalme ili ionekane mpaka relini. Akaniambia mimi niwapange watu.

Nikamwambia, "Bwana, mti huu siubebi."

Akasema, "Unakataa amri?"

"Mkonge nitakata, na reli ukiifungua nitasukuma toroli. Mti huu siubebi. Umekwisha kumlaza mtoto wa dada yangu."

"Basi wewe ni mtu wa Mdachi."

"Mdachi nilimbebea mizigo kwa fimbo, bwana. Shemeji yangu alibeba ya kwenu kwa fimbo vilevile. Mimi si mtu wa yeyote kati yenu."

Akamgeukia Mashaka, akamwambia awapange yeye. Mashaka akautazama mti, nikadhani ataitika. Kisha akaja akakaa chini karibu nami, juu ya reli. Watu wake wakaja wakakaa. Na wangu wakakaa. Hatukupiga kelele, hatukuimba. Tulikaa mpaka jua likawa kali, Petoni akaingia ndani.

Mpaka leo mti haujabebwa. Nasikia ameandika bomani kwamba mimi ni rafiki wa adui. Wakija kunichukua, nitaletwa huko huko bomani Kisarawe, karibu nawe. Biubwa nitamwacha kwa Mashaka.

Mwinyimadi


Kisarawe
15 Oktoba 1939

Kaka, shikamoo.

Naweka barua hii juu ya chakula, askari wa zamu ameniruhusu. Uko hatua chache kutoka sokoni na sijaonana nawe tangu wakulete, wanasema mpaka shauri lisikilizwe. Samaki ni wa Mwanamvua, wali ni wa Sikudhani. Mashaka alifika jana kwa miguu kupitia Kibaha. Anasema Biubwa anaendelea vizuri na amewagombeza watu wote wa kambi kwa kukuacha uchukuliwe peke yako.

Watu wengine hapa wameacha kunisalimu. Wanaogopa. Jumbe alikuja akanishauri nikuombee msamaha kwa bwana shauri, yule mkuu wa boma, niseme umri umekupitia, hukujua ulisemalo. Nikamwambia ulijua.

Kesho nitakwenda mbele ya bwana shauri na Mashaka na Abdala. Sitaomba msamaha. Nitamwomba aulize swali moja tu, amwulize Bwana Petoni mwenyewe: huyu mtu amepata kusema neno gani la kumsifu Mdachi? Alitaje. Na Abdala atakaa mbele, aonekane.

Kula. Umekonda, askari anasema shati linakupwaya.

Mwanamkuu


Kwala
3 Machi 1940

Mdogo wangu,

Tumefika salama na tumekwisha jenga. Biubwa anapumua vizuri zaidi mbali na vumbi la mkonge. Mashaka naye ameacha kazi, ametufuata, na tunafyeka bondeni pamoja kwa ajili ya mpunga. Watu wa hapa wametupokea. Mashambani sitarudi.

Tangu siku bwana shauri aliposoma jibu la Petoni akaniachia, nilikuwa najiuliza. Uliniambia liliandikwa kwa maneno machache: mtu huyu hajapata kumsifu Mdachi mbele yangu, alikataa kubeba mti, basi. Angeweza kuandika uongo na nani angejua. Nilikuwa sijaelewa kwa nini hakuandika.

Wiki iliyopita alikuja hapa. Peke yake, kwa miguu kutoka barabarani, na jasho tele. Nilikuwa nafyeka, sikumwacha aningojee, nikampa kitanda akae. Akasema anakwenda vitani, kaskazini, kupigana na Mtaliano, na kwamba Mtaliano bado hajaingia lakini ataingia. Halafu akaniuliza kama namchukia.

Nikamwambia kazi yangu ya kufyeka ni kubwa, sina nafasi ya kumchukia.

Akasema, "Mwinyimadi, nimefikiri sana ilivyokuwa. Sikuamka siku moja nikataka kumfunga Luzi. Kila siku kulikuwa na kitu kidogo tu. Na kila mara mimi ndiye niliyekuwa na haki."

"Na Bwana Luzi?"

"Na yeye pia, nadhani. Kila mara."

Ndivyo alivyosema, sikuongeza neno. Aliniuliza Abdala yuko wapi. Nikamwambia akiwa ana la kusema kwa Abdala, njia ya kwenda Kisarawe anaijua, na mimi sitamchukulia salamu. Huenda akaja kwako. Mpokee utakavyoona mwenyewe.

Nduguyo,
Mwinyimadi


Kisarawe
21 Aprili 1940

Kaka Mwinyimadi, shikamoo.

Salamu zako zimefika, na mchele wa Mashaka umefika. Sikudhani ana mimba. Sikutaka kuandika mpaka miezi ya hatari ipite, na sasa imepita. Mwambie babu yake mtoto asifanye kiburi.

Bwana Petoni alikuja. Abdala alikuwa uani anasuka viti vya ukindu, siku hizi hana nafasi, watu wanamletea kazi mpaka kutoka Pugu. Petoni akasimama akamnyooshea mkono. Abdala hakuupokea, wala hakumtukana. Akamwambia, "Kaa kwanza, bwana." Hakukuwa na kiti kilichokamilika, akakaa kwenye kinu.

Akamwambia anasikitika. Abdala akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Huko unakokwenda, ukimwona mtu kama Bwana Luzi, utampiga risasi?"

"Ikibidi."

"Hata kama ana mtoto anayekupungia mkono?"

Petoni akatazama viatu vyake. Akasema, "Ndiyo." Nami nilikuwa mlangoni, na nakuambia kweli, kaka, nilimwonea huruma, maana alisema bila kujificha. Abdala akamwambia, "Basi hujamaliza kusikitika. Ukirudi, pita tena." Nikampa maji, akanywa, akaenda zake.

Sasa sikiliza la huku. Jumbe ametangaza kwamba Ijumaa baada ya sala vijana wote wafike barazani kwake. Wanatafutwa watu wa jeshi na watu wa kazi, na kila jumbe ameambiwa watu wangapi. Mtoto wa Mwanamvua yumo. Vijana wanaambiwa watapewa viatu na wataona dunia. Wengine wanataka kwenda, na mtu mzima akitaka mwenyewe simzuii. Lakini hakuna atakayekwenda kabla ya kusikia, tena kwa mtu aliyeona, jinsi vita inavyoanza. Abdala atasema. Amenisomea maneno yake jana na leo, nimemwambia apunguze ukali na aongeze ile habari ya pampu.

Tunatoka mapema kwa sababu ya magongo. Wanawake wa mtaa huu wote wanafuatana nasi. Jumbe alipopata habari alimtuma mtu kuniambia kwamba baraza ni la wanaume na nafasi ni ndogo.

Nimemwambia mtu huyo arudi akamwambie jumbe atandike mikeka mpaka nje.

Mdogo wako,
Mwanamkuu binti Mwinyijuma